Nyumba ya Wazee Inayodumu: Mafunzo kutoka St Cross, Winchester

Kamati za misikiti, jumuiya za makanisa, vikundi vya akina mama na vyama vya wenzetu walioko ughaibuni mara kwa mara hupata wazo hili: tujenge makao ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Michango hutoka, kiwanja hupatikana, na siku ya uzinduzi watu hujaa. Maswali magumu huja baadaye. Nani atalipa bili ya umeme mwaka wa tano? Nani atabadilisha mabati mwaka wa ishirini? Na mzee atakayepokewa mwaka wa hamsini atapata heshima ile ile aliyoipata wa kwanza?

Makala hii inaeleza jinsi nyumba za hisani za kale huko Ulaya zilivyoyajibu maswali hayo. Mfano mkuu ni Hospital of St Cross, iliyoko Winchester, kusini mwa Uingereza. Licha ya jina lake, hapo hawalazwi wagonjwa; ni makao ya wazee. Yamekuwapo tangu karne ya 12 na mpaka leo yana wakazi. Katika muda huo mali yake imefujwa na viongozi wake zaidi ya mara moja, kisha ikasimamishwa upya. Kwa sababu hiyo inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: kinachoidumisha sadaka, na kinachoila.

Ilivyoanza

Mwanzilishi alikuwa Henry of Blois, Askofu wa Winchester, mjukuu wa mfalme William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, na ndugu wa mfalme Stephen. Aliianzisha kati ya mwaka 1132 na 1136, kando ya mto Itchen, mwendo mfupi kutoka mjini.

Askofu huyo aliwataja walengwa wake waziwazi, katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni watu 13 maskini na dhaifu kiasi cha kutoweza kujikimu bila msaada wa mwingine. Hao walipewa malazi, mavazi na chakula. Kundi la pili ni maskini 100 ambao hawakulala hapo, ila walikuja kila siku kula. Ukumbi walimokula ulijulikana kama Ukumbi wa Watu Mia.

Tazama mpangilio huo. Idadi ya wakazi ilikuwa ndogo na yenye mpaka, kwa sababu kumtunza mtu usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi, ni mzigo mzito. Idadi ya waliolishwa ilikuwa kubwa, kwa sababu mlo mmoja ni mzigo mwepesi zaidi. Kamati nyingi huanguka kwa kuchanganya haya mawili: huahidi malazi kwa watu wengi kuliko uwezo wao, na mwishowe wote hukosa.

Mwaka 1445, Kardinali Henry Beaufort, naye Askofu wa Winchester, aliongeza kundi jingine: watu waliowahi kuwa na nafasi nzuri katika maisha kisha wakafilisika. Alikuwa ameiona aina ya umaskini inayojificha, ya mtu anayeona haya kuomba. Ndiyo sababu mpaka leo wakazi, ambao huitwa ndugu, huvaa majoho ya namna mbili. Wa kundi la askofu huvaa joho jeusi lenye msalaba wa fedha kifuani; wa kundi la kardinali huvaa joho jekundu lililoiva. Kwa jumla zipo nafasi za ndugu 25. Majengo wanamoishi, yenye mabomba marefu ya moshi juu ya paa, ni ya karne ya 15.

Mzee anaishije humo

Kila ndugu ana makazi yake mwenyewe na mlango wake mwenyewe. Halali bwenini, na hapangiwi saa ya kuamka kama mwanafunzi. Anapokea wageni wake, anapika anachotaka, anafunga mlango akitaka kupumzika. Akitoka nje yuko katika ua mmoja na wenzake, ambao hukutana nao kila siku.

Pamoja na uhuru huo kuna wajibu. Ndugu hutarajiwa kuvaa joho lake na kuhudhuria sala ya asubuhi kanisani. Baadhi yao huwaongoza wageni wanaokuja kuliona kanisa na ukumbi. Sala hiyo ni ibada, lakini kwa upande wa utunzaji ina faida nyingine kubwa: mzee asipoonekana asubuhi, kuna mtu wa kuuliza yuko wapi. Mzee aliyeanguka bafuni hasubiri siku tatu ndipo agunduliwe.

Mpango wa namna hiyo unaonekana pia katika Fuggerei, mtaa wa hisani ulioko Augsburg, Ujerumani. Uliwekewa hati yake mwaka 1521 na Jakob Fugger, mfanyabiashara na mkopeshaji aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ulaya ya wakati wake. Wanaishi humo watu wapatao 150, katika nyumba ndogo zilizopangwa kwa safu. Kodi ni senti 88 za yuro kwa mwaka, kiwango kinachotokana na kile alichoweka mwanzilishi. Sharti ni kwamba mkazi awe Mkatoliki wa Augsburg mwenye uhitaji, naye aiombee familia ya mwanzilishi mara tatu kwa siku. Wakazi pia hushika kazi za mtaa, kama vile ulinzi wa lango la usiku na bustani. Lango hufungwa saa nne usiku, na anayechelewa humlipa mlinzi kiasi kidogo.

Je, maisha ya pamoja yana faida inayopimika? Mwaka 2023 watafiti wa Bayes Business School ya London walitoa matokeo ya uchunguzi wa kumbukumbu za nyumba 15 za hisani nchini Uingereza, baadhi zikirudi nyuma miaka 100. Waliona kwamba wakazi wengi, ingawa walitoka katika tabaka la chini kwa kipato, waliishi muda unaokaribia ule wa watu wenye uwezo. Miongoni mwa nyumba zilizofanya vizuri zaidi ilikuwa Charterhouse ya London, iliyoanzishwa mwaka 1611 kwa mali ya Thomas Sutton. Mwanaume aliyeingia huko akiwa na miaka 73 alipata takriban miaka 2.4 zaidi ya wenzake wa tabaka lake. Watafiti waliyahusisha matokeo hayo na ujirani, kushiriki milo na shughuli, na kupewa jukumu. Upweke humwua mzee polepole, na dawa yake haiuzwi famasi.

Mkate mlangoni

St Cross haikuwasahau watu wa nje. Mpaka leo msafiri yeyote anayefika kwenye kibanda cha bawabu na kuomba hupewa kipande cha mkate na bia kidogo. Desturi hiyo ni ya karne nyingi. Katika zama za kale bia hafifu ilikuwa kinywaji cha kila siku kwa watu wazima na watoto; leo mgao ni mdogo sana, ni ukumbusho zaidi kuliko chakula. Anayepewa haulizwi dini yake, kabila lake wala sababu ya safari yake.

Ukarimu huo mdogo una kazi. Unawafanya wenyeji na wageni waingie langoni, wawaone wazee, wajue nyumba hiyo ni ya nani. Nyumba ya hisani iliyofungwa geti muda wote husahaulika, na iliyosahaulika ni rahisi kufujwa. Hata Charterhouse, baada ya karne nyingi za kuishi kimya nyuma ya kuta zake, ilifungua milango kwa umma mwaka 2017 na kuweka makumbusho.

Fedha zinatoka wapi

Hapa ndipo penye siri ya kudumu. Waanzilishi hawa hawakuacha majengo peke yake. Waliacha mali inayozaa, wakaifunga kwa hati ili isiuzwe na kuliwa, na mapato yake yakaelekezwa kwa wazee. St Cross ilikuwa na mashamba na mapato ya parokia kadhaa. Fuggerei hutegemea zaidi misitu ya wakfu wake, pamoja na majengo ya kupangisha na tiketi za watalii. Mabomu ya Vita Kuu ya Pili yalipoibomoa sehemu kubwa ya Fuggerei mwezi Februari 1944, wakfu uliamua kuijenga upya kwa fedha zake wenyewe, na ikajengwa.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Tangu zamani wazee wetu wa Mombasa, Lamu na Unguja waliweka wakfu nyumba, maduka na mashamba ya minazi kwa ajili ya misikiti, visima, jamaa zao na maskini. Asili ya mali haiguswi. Matunda yake ndiyo hutumika. Henry of Blois na tajiri wa Kiswahili aliyeweka wakfu duka lake walifikiri kwa njia moja, ingawa dini na nchi zao zilitofautiana.

Jinsi mali ya maskini ilivyoliwa

Mali ikishafungwa, anabaki anayeshika funguo. Katika miaka ya 1370, askofu William of Wykeham alikuta St Cross imekaushwa na wasimamizi walioigeuza kuwa chanzo cha kipato chao. Alilazimika kupambana nao kisheria kwa miaka kadhaa mpaka akairudisha kwenye kazi yake.

Ugonjwa ulirudi. Mwaka 1696 ziliandikwa desturi za nyumba hiyo, zikasema kwamba baada ya ndugu kupewa mgao wao, ziada ya mapato ni ya msimamizi mkuu. Mashamba yalipopanda thamani, ziada ikawa kubwa kuliko mgao.

Mwaka 1808 uongozi ulimwangukia Francis North, aliyekuja kuwa Earl of Guilford. Aliyempa nafasi hiyo ni baba yake mzazi, ambaye ndiye aliyekuwa Askofu wa Winchester. Njia ya kuchota fedha ilikuwa hii: mashamba ya St Cross yalikodishwa kwa mikataba mirefu yenye kodi ndogo ya mwaka, lakini kila mkataba ulipofanywa upya, mpangaji alitoa kilemba kikubwa. Kodi ndogo iliingia kwenye vitabu vya nyumba. Kilemba kiliingia mfukoni mwa msimamizi. Hali iliendelea kwa miongo, mpaka malalamiko yakafika mahakamani, na mwaka 1853 mahakama ikakataa hoja kwamba maandishi ya 1696 yalimpa haki ya kuchukua fedha hizo. Baadaye nyumba ikawekewa utaratibu mpya wenye wadhamini. Kashfa hiyo, pamoja na nyingine za wakati huo, ilimpa mwandishi Anthony Trollope kiini cha riwaya yake ya mwaka 1855, *The Warden*.

Mwaka huo huo wa 1853 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyounda Charity Commission, tume ya kusimamia mashirika ya hisani. Kwetu pia wapo wasomaji wanaoijua nyumba ya wakfu katikati ya mji iliyopangishwa kwa kodi ya miaka mingi iliyopita, huku mpangaji akiipangisha kwa mwingine kwa bei ya leo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya maskini hupotea upesi zaidi kwa kuwa mwenyewe hana sauti.

Ukiishi Uingereza au ukipita huko

Nchini Uingereza zipo zaidi ya nyumba za hisani 1,500 za aina hii, nyingi zikiwa ndogo, na watu zaidi ya 30,000 wanaishi humo. Wasomaji wetu walioko huko, au wenye jamaa waliozeeka huko, wajue mambo haya:

- Masharti hutofautiana. Nyingi huhitaji mtu awe na umri wa kuanzia miaka 60 hivi, awe na kipato kidogo, aweze kujihudumia, na pengine awe amekaa katika eneo hilo kwa muda.
- Zipo zinazofungamana na dini au kazi fulani, na zipo zilizo wazi kwa watu wote. Soma masharti kabla ya kuomba.
- Mkazi kwa kawaida si mpangaji. Hulipa mchango wa matunzo badala ya kodi, na haki zake hutokana na barua ya uteuzi pamoja na kanuni za nyumba. Mtu asisaini kabla ya kuelewa ni mambo gani yanaweza kumtoa.
- Chama kinachoziunganisha nyumba hizi ni The Almshouse Association, kilichoanzishwa mwaka 1946. Hapo unaweza kuulizia nyumba zilizo karibu nawe.
- Ukienda kutembea St Cross, Charterhouse au Fuggerei, kumbuka unaingia nyumbani kwa watu. Ulizia siku za kufunguliwa, lipa kiingilio, usichungulie madirishani, wala usimpige mzee picha bila ridhaa yake.

Mkitaka kuanzisha yenu

Kamati yoyote inayofikiria makao ya wazee inaweza kufuata hatua hizi, ambazo zote zimepimwa na historia tuliyoieleza.

1. Anzeni na mali inayozaa. Fremu za maduka, nyumba ya kupangisha au shamba vitangulie vyumba vya wazee, au angalau viende pamoja. Michango ya kila Ijumaa au Jumapili ni nyongeza nzuri, lakini mzee hali kwa nyongeza.

2. Hesabuni gharama ya mzee mmoja kwa mwaka mzima: chakula, dawa, maji, umeme, mshahara wa mhudumu, ukarabati. Gawanyeni mapato ya uhakika kwa gharama hiyo. Jibu ndilo idadi ya wazee mtakaowapokea. Mkipata wanne, wapokeeni wanne, na wengine wapelekewe mlo majumbani mwao.

3. Andikeni hati. Iseme nani anastahili, nani anachagua, mali gani haiwezi kuuzwa, mikataba ya kodi ipitiwe kila baada ya muda gani, na ziada iende wapi. Ziada isiende kwa kiongozi kwa jina lolote lile, liwe posho, asante au kilemba.

4. Sajilini mapema. Tanzania Bara, bodi za wadhamini husajiliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya, wakfu wa Waislamu uko chini ya Tume ya Wakfu. Kokote mliko, mwoneni afisa ustawi wa jamii kabla ya kumpokea mzee wa kwanza, maana yeye ndiye anayejua wenye uhitaji na matakwa ya serikali kuhusu makao.

5. Mpeni kila mzee chumba chenye mlango na ufunguo wake. Kama fedha hazitoshi, punguzeni ukubwa wa vyumba kabla ya kufikiria bweni.

6. Mpeni jukumu analoliweza. Mmoja atashika funguo za maktaba ndogo, mwingine atasimamia bustani ya mchicha, mwingine atawafundisha watoto wa jirani Kurani, Katekisimu, ususi au hadithi. Anayelala kitandani anaweza kuombwa ushauri. Wajibu usiwe adhabu wala malipo ya chakula. Uwe alama kwamba bado anahitajika.

7. Wekeni saa moja ya kukutana kila siku, iwe sala, kifungua kinywa au kahawa ya jioni. Asiyefika aulizwe siku hiyo hiyo.

8. Fungueni lango. Chagueni ukarimu mmoja mdogo mnaoumudu kila siku, kama kikombe cha uji kwa mpita njia au maji ya baridi kwa bodaboda. Jirani aliyekunywa uji wenu atakuwa mlinzi wenu.

9. Someni hesabu mbele ya watu angalau mara moja kwa mwaka, wazee wakiwepo. Mkaguzi atoke nje ya kamati. Mwenyekiti asimteue mwanawe, na wadhamini wakae kwa muda wenye kikomo.

Kuna watakaosema kwamba kwetu mzee hutunzwa na wanawe, na kwamba makao ni aibu kwa ukoo. Heshima hiyo kwa familia ni nzuri, tuilinde. Lakini yupo mzee aliyewazika watoto wake wote. Yupo asiyejaliwa kuzaa. Yupo mama aliyefukuzwa kijijini kwa kusingiziwa uchawi. Wengine wamehifadhiwa katika makao ya serikali, kama Sebleni na Welezo huko Unguja au Nunge huko Kigamboni, na wengi zaidi hawana pa kwenda. Kwao jumuiya ndiyo ukoo uliobaki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama uko kwenye kamati inayokusanya fedha za kujenga, katika kikao kijacho omba ajenda mbili ziongezwe kabla ya ramani ya jengo: mali itakayolisha nyumba hiyo, na daftari litakalosomwa hadharani. Kama huko kwenye kamati yoyote, ulizia wakfu ulio karibu nawe unapangishwa kwa bei gani na mapato yake yanakwenda wapi. Uliza kwa adabu, na uulize tena mpaka upate jibu, kwa sababu fedha hizo ni chakula cha mtu asiyeweza kuja kuuliza mwenyewe.